Kuupima mvuke wa maji angani kwa mawimbi ya GPS: mwongozo kamili, kwa mfano wa kituo cha Malindi

Setilaiti za GPS huizunguka dunia kwenye urefu wa takriban kilomita 20,200, na sehemu kubwa ya safari ya mawimbi yake hadi ardhini hupita mahali pasipo na hewa. Ni katika kipande kidogo cha mwisho tu ambapo mawimbi hayo huingia katika angahewa, yakapungua kasi na kupinda kidogo, hata kipokezi kikadhani kwamba setilaiti iko mbali zaidi ya ilivyo. Mpimaji wa ardhi huuhesabu umbali huo wa ziada kuwa kosa, akauondoa na kuendelea na kazi yake. Mtaalamu wa hali ya hewa ana sababu ya kuuokota, kwa kuwa sehemu yake moja hutegemea kiasi cha mvuke wa maji kilichopo juu ya antena wakati huo. Mwaka 1992 Michael Bevis na wenzake walichapisha makala iliyoonyesha jinsi ya kuutoa mvuke huo katika hesabu, na tangu hapo njia hiyo imeingia katika kazi za kila siku za utabiri barani Ulaya na kwingineko.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeweza kutumia kompyuta kwa kuandika amri, aliye na intaneti ya kutosha kupakua faili, na asiye na fedha za kununua programu. Kila tutakachokitumia hapa hupatikana bure. Jambo moja lifahamike mapema: kuiendesha programu ndiyo kazi nyepesi. Matokeo huharibika zaidi katika mgandamizo wa hewa, katika urefu wa antena na katika majira ya saa, na ndiyo maana nimeyapa mambo hayo nafasi kubwa kuliko programu yenyewe.

Ni kitu gani hasa kinachopimwa

Ucheleweshaji unaotoka angani, yaani ule umbali wa ziada, una sehemu mbili zenye tabia tofauti kabisa. Sehemu ya kwanza hutoka katika tabakaioni, yaani tabaka la juu lenye elektroni huru, na ukubwa wake hutegemea masafa ya wimbi. Sehemu ya pili hutoka katika hewa ya kawaida, hasa tabakatropo tunamoishi, na haibadiliki hata wimbi likiwa la masafa gani.

Tofauti hiyo ndiyo inayotuokoa. GPS hutangaza katika masafa ya L1, megahezi 1575.42, na L2, megahezi 1227.60. Kwa kuwa ucheleweshaji wa tabakaioni hupungua kadiri mraba wa masafa unavyoongezeka, vipimo viwili vinaweza kuchanganywa kwa namna ambayo karibu athari yote ya tabakaioni inafutika: chukua mara 2.546 ya kipimo cha L1, toa mara 1.546 ya kipimo cha L2. Kwa sababu hiyo kipokezi cha masafa mawili hakina mbadala katika kazi hii. Kipokezi cha simu ya kawaida ya masafa mamoja hakifai, kwani tabakaioni peke yake inaweza kuongeza zaidi ya mita kumi katika L1 siku ambazo jua limechangamka.

Kinachobaki ni ucheleweshaji wa tabakatropo, ambao hutajwa kwa kipimo cha utosini, yaani kama setilaiti ingekuwa wima juu ya kichwa. Usawa wa bahari, ucheleweshaji huo wa utosini ni kama mita 2.3 kwa upande wa hewa kavu, na kwa upande wa mvuke ni kuanzia sentimita chache katika nchi za baridi hadi karibu sentimita 40 katika pwani za joto. Setilaiti inaposhuka kuelekea upeo wa macho, njia ya wimbi ndani ya hewa hurefuka: kwenye pembe ya mwinuko ya digrii 30 ucheleweshaji ni mara mbili ya ule wa utosini, kwenye digrii 10 ni mara tano na nusu hivi, na kwenye digrii 5 ni kama mara kumi. Namba hiyo ya kuzidishia tutaiita kizidishi cha mwinamo. Programu huona setilaiti nyingi kwa wakati mmoja, kila moja katika mwinuko wake, na kutokana na jinsi umbali wa ziada unavyobadilika kwa mwinuko hukadiria thamani moja ya utosini.

Hatua ya kwanza: kuchagua kituo na siku

Anza na kituo cha kudumu ambacho data zake ziko wazi, hata kama una kipokezi chako. Katika IGS, mtandao wa kimataifa wa vituo vya kudumu vya GPS, Afrika Mashariki ina MAL2 mjini Malindi, RCMN jijini Nairobi, MBAR mjini Mbarara nchini Uganda, na NURK jijini Kigali. Mfano wetu ni MAL2, kilichopo katika eneo la kituo cha anga za juu cha Waitaliano. (Ni kituo kilekile ambacho jukwaa lake la baharini lilirusha setilaiti iliyopewa jina la Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya.) Malindi inafaa kwa mafunzo kwa sababu iko ufukweni, mvuke wake ni mwingi, na baadhi ya makosa ambayo bara yangejificha hujitokeza pale waziwazi.

Kwa siku, chagua wiki mbili za masika badala ya siku moja. Mwishoni mwa Aprili 2024, kwa mfano, mvua na mafuriko makubwa yaliikumba Kenya na Tanzania, nasi tutatumia tarehe 24 Aprili 2024. Faili za kazi hii hazitumii tarehe ya kalenda. Hutumia namba ya siku katika mwaka, ambayo hapa ni 115, na namba ya wiki ya GPS, ambayo ni 2311. Kabla ya kupakua chochote kingine, hakikisha kwamba kituo kilikuwa hewani siku unazozitaka. Vituo hukatika umeme, vipokezi hubadilishwa, na faili yenye saa tisa tu za data itakupotezea muda. Ukikuta pengo, hamia tarehe nyingine au kituo kingine, hatua hazibadiliki.

Hatua ya pili: kukusanya faili

Hifadhi ya NASA iitwayo CDDIS inazo faili zote, ila hutaka ujiandikishe kwanza, bila malipo. Hifadhi za IGN ya Ufaransa na BKG ya Ujerumani pia zinatoa nyingi kati ya hizo. Unahitaji yafuatayo.

Faili ya vipimo vya kituo, yenye jina la namna ya MAL200KEN_R_20241150000_01D_30S_MO.crx.gz. Imebanwa mara mbili: kwanza ifungue kwa gzip, kisha igeuze kwa programu ya CRX2RNX kuwa faili ya kawaida ya RINEX, muundo wa maandishi ambao programu za GPS huusoma. Pakua pia ya siku iliyotangulia, yaani 114, kwa sababu itakayoelezwa baadaye.

Faili ya mizingo ya setilaiti, IGS0OPSFIN_20241150000_01D_15M_ORB.SP3.gz, pamoja na za siku ya 114 na ya 116. Siku za pembeni ni za lazima, kwa sababu programu hukadiria nafasi ya setilaiti kati ya nukta za dakika 15 kwa kutazama nukta za kabla na za baada, na bila majirani hao usahihi huporomoka karibu na mwanzo na mwisho wa siku.

Faili ya saa za setilaiti, IGS0OPSFIN_20241150000_01D_30S_CLK.CLK.gz, na ya siku ya 114. Kosa la nanosekunde moja katika saa ya setilaiti ni sentimita 30 za umbali, kwa hiyo saa zinazotangazwa na setilaiti zenyewe hazitoshi hata kidogo. Mizingo na saa za mwisho za IGS hutoka baada ya wiki mbili hivi. Mwenye haraka anaweza kutumia zile za haraka, ambazo hutoka kesho yake saa 17 za UTC, yaani saa mbili usiku kwa saa za Afrika Mashariki.

Faili ya matangazo ya setilaiti za siku hiyo; faili ya antena igs20.atx, na faili ya BLQ, inayoeleza jinsi ardhi ya kituo inavyopanda na kushuka kwa uzito wa maji ya bahari yanapojaa na kupwa. Hii ya mwisho huombwa katika ukurasa wa huduma ya chuo cha Chalmers, Onsala, nchini Sweden, kwa kujaza jina na nafasi ya kituo. Wengi huiruka. Kwa kituo cha bara kama Mbarara hasara ni ndogo, lakini ufukweni mwendo huo wa ardhi usipoondolewa hujipenyeza katika makadirio na kuonekana kama mvuke unaoongezeka na kupungua kila baada ya saa 12 na ushei.

Hatua ya tatu: kuiandaa na kuiendesha programu

Tutatumia RTKLIB, kazi ya Tomoji Takasu wa Japani, kwa njia ya kipokezi kimoja kinachotegemea mizingo na saa sahihi. Njia hiyo ilielezwa na Zumberge na wenzake mwaka 1997 na haihitaji kituo cha pili. Programu kubwa kama GAMIT, Bernese, GipsyX au PRIDE PPP-AR hutoa matokeo bora zaidi, na anayekusudia kuchapisha utafiti afikirie kuhamia huko baadaye. Kwa kujifunza, RTKLIB ina faida ya kukuonyesha kila kitu kinachofanyika.

Andika faili ya maandishi iitwayo malindi.conf yenye mistari hii:

pos1-posmode = ppp-static
pos1-frequency = l1+l2
pos1-soltype = forward
pos1-elmask = 7
pos1-ionoopt = dual-freq
pos1-tropopt = est-ztdgrad
pos1-sateph = precise
pos1-navsys = 1
pos1-tidecorr = otl
pos1-posopt1 = on
pos1-posopt2 = on
pos1-posopt3 = on
pos1-posopt4 = on
stats-prntrop = 0.0001
out-outstat = residual
ant1-anttype = *
file-satantfile = igs20.atx
file-rcvantfile = igs20.atx
file-blqfile = mal2.blq

Mistari michache inastahili maelezo. Mwinuko wa chini kabisa umewekwa digrii 7. Setilaiti za chini zina kelele, lakini ndizo zinazoiwezesha programu kutofautisha ucheleweshaji wa hewa na kosa la urefu wa antena. Ukipandisha kiwango hadi digrii 15 kwa kuogopa kelele, vitu hivyo viwili huanza kufanana machoni pa programu, na kosa la milimita moja katika ucheleweshaji huenda sambamba na kosa la milimita tatu hivi katika urefu. Chaguo la est-ztdgrad huagiza thamani ya utosini ikadiriwe pamoja na mwelekeo wake, kwa kuwa Malindi upande wa mashariki ni bahari na upande wa magharibi ni bara, na hakuna sababu ya kudhani kwamba mvuke wa pande zote mbili ni sawa. Mstari wa navsys unaibakiza GPS peke yake, kwa sababu faili za IGS tulizochagua hazina mizingo ya mifumo mingine.

Mstari wa stats-prntrop ndio wa kuchezea kwa uangalifu. Huieleza programu ni kiasi gani hewa inaruhusiwa kubadilika: 0.0001 ya mita kwa kipeuo cha pili cha sekunde ni sawa na milimita 6 katika saa moja. Ukiipunguza sana, mkunjo wa matokeo utakuwa laini na mzuri kutazama huku ukikosa kabisa ujio wa ghafla wa wingu la mvua; ukiiongeza sana, kelele ya vipimo itavaa sura ya hali ya hewa. Jaribu nusu yake na mara mbili yake, kisha linganisha. Tafsiri ambayo hubadilika kila unapoigusa namba hii haifai kuaminiwa.

Sasa unganisha faili za vipimo za siku ya 114 na ya 115 kuwa moja, kwa programu ya gfzrnx, zipe faili zote majina mafupi kama yaliyo katika amri hii, na uendeshe hesabu kuanzia saa 18:00 ya tarehe 23:

rnx2rtkp -k malindi.conf -ts 2024/04/23 18:00:00 -te 2024/04/24 23:59:30 -o mal2_115.pos mal2.obs brdc.nav orb114.sp3 orb115.sp3 orb116.sp3 clk114.clk clk115.clk

Zile saa sita za mwanzo ni za kuipa programu nafasi ya kutulia. Fezi ya wimbi hupimwa kwa usahihi wa milimita, lakini kipokezi hakijui ni mizunguko mizima mingapi ya wimbi iliyopo kati yake na setilaiti, na idadi hiyo hujulikana polepole kadiri setilaiti zinavyosogea. Kabla haijajulikana, ucheleweshaji unaotolewa hauna maana, na hivyo saa hizo zitatupwa.

Hatua ya nne: kutoa namba na kuzisafisha

Pamoja na faili ya mal2_115.pos utakuta faili ya mal2_115.pos.stat. Ndani yake chuja mistari inayoanza na $TROP:

grep TROP mal2_115.pos.stat > trop.csv

Safu ya pili ni wiki ya GPS, ya tatu ni sekunde tangu mwanzo wa wiki, na ya sita ni ucheleweshaji mzima wa utosini kwa mita. Ondoa saa sita za kwanza, kisha chukua wastani wa kila dakika 30. Chora mkunjo kabla ya kufanya hesabu yoyote nyingine. Kwenye usawa wa bahari katika nchi za joto, thamani zinatarajiwa kuwa kati ya mita 2.4 na 2.7. Thamani ya mita 2.2 au mita 3 ina maana kwamba kuna faili isiyosomwa, mara nyingi ile ya saa au ya antena.

Mkunjo ukiruka ghafla kwa sentimita kadhaa, angalia kwanza saa. Usiku wa manane wa UTC, ambao kwetu ni saa tisa usiku, ni mpaka wa faili za siku mbili, na mruko mdogo hapo ni wa faili wala si wa hewa. Mruko unaotokea kati ya saa moja na saa sita za usiku una mtuhumiwa mwingine, naye ni tabakaioni. Mstari wa ikweta ya sumaku hupita Ethiopia, na elektroni zinazopandishwa juu yake hushuka na kurundikana takriban digrii 15 kila upande, jambo linaloiweka Kenya na kaskazini ya Tanzania karibu na rundo la kusini. Baada ya jua kuzama rundo hilo hupasuka na kuwa na mapovu yanayoyatikisa mawimbi hadi kipokezi kinapoteza hesabu ya mizunguko, na mchanganyiko wa masafa mawili haurudishi hesabu iliyokwisha kupotea. Bahati mbaya ni kwamba mitikisiko hii huwa mikali zaidi karibu na ikwinoksi, majira ambayo usiku na mchana hulingana, Machi na Aprili zikiwemo, wakati uleule wa masika tunaoutaka. Tazama katika faili ya stat ni setilaiti ngapi zilipoteza mshiko kwa wakati mmoja. Zikiwa nyingi, futa kipande hicho bila huruma, kwa kuwa kukijaza kwa mstari wa kubuni ni kujidanganya.

Kabla ya kusonga mbele, linganisha ucheleweshaji wako na ule wa maabara ya jiodesia ya Chuo Kikuu cha Nevada, ambayo huchapisha makadirio ya tabakatropo kwa vituo vingi duniani. Tofauti ya wastani ya milimita 5 hadi 10 ni ya kawaida kwa RTKLIB. Ukipata milimita 30, usiendelee. Rudi kwenye faili ya antena na faili ya BLQ, ukihakikisha kwamba jina la kituo katika BLQ limeandikwa kama lilivyo katika faili ya vipimo.

Hatua ya tano: mgandamizo wa hewa, palipo na kazi yenyewe

Hadi hapa tuna jumla ya sehemu mbili, kavu na nyevu. Kuitenganisha ni kama kumpima mtoto mchanga kliniki kwa kumpandisha mizani akiwa mikononi mwa mama, kisha kuutoa uzito wa mama: kosa dogo katika uzito wa mama ni kosa kubwa kwa mtoto. Sehemu kavu haipimwi na GPS. Hukokotolewa kutokana na mgandamizo wa hewa penye antena, kwa kanuni ya Saastamoinen:

sehemu kavu = 0.0022768 × P ÷ (1 − 0.00266 × cos 2φ − 0.00000028 × h)

ambapo P ni mgandamizo kwa hektopaskali, φ ni latitudo, na h ni urefu kwa mita. Tuchukue mfano wa namba za kufanyia mazoezi: P ni 1010, latitudo ni digrii 3 kusini, urefu ni mita 20. Kigawanyo kinakuwa 0.99735 na sehemu kavu inakuwa mita 2.306. Kwa sehemu ya juu kama Nairobi, yenye mgandamizo wa 830 hivi kwenye mita 1,700, kanuni hiyohiyo hutoa mita 1.90 tu, kwa hiyo usiushangae ucheleweshaji mdogo wa bara, kwani ni hewa tu iliyopungua juu ya kichwa.

Kosa la hektopaskali moja katika P ni milimita 2.3 katika sehemu kavu, na mwishowe ni kama milimita 0.4 za maji. Hilo linavumilika. Kosa la hektopaskali tano halivumiliki, nalo hutokea kwa urahisi kuliko mtu anavyodhani, kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni urefu. Karibu na usawa wa bahari mgandamizo hupungua hektopaskali moja kwa kila mita 8 au 9 za kupanda, kwa hiyo barometa iliyo chini ya jengo haifai kwa antena iliyo juu ya paa bila marekebisho. Aidha urefu unaotolewa na GPS hupimwa kutoka kwenye elipsoidi, yaani umbo laini la kihesabu linalokaribia umbo la dunia, ilhali barometa na ramani hufuata usawa wa bahari. Kwenye pwani ya Kenya usawa wa bahari uko makumi ya mita chini ya elipsoidi, hata urefu wa antena ya Malindi ukaandikwa kwa alama ya kutoa ingawa antena haijazama. Anayesahau kubadilisha, kwa tofauti ya mita 30, anakosea mgandamizo kwa hektopaskali 3.4 na maji kwa milimita 1.3, siku zote, upande uleule.

Njia ya pili ni mgandamizo uliokwisha kurekebishwa. Vituo vya hali ya hewa mara nyingi hutangaza mgandamizo uliopelekwa kwenye usawa wa bahari ili ramani zichoreke. Wewe unataka ule uliopimwa penye chombo. Kwa Nairobi tofauti kati ya hizo mbili ni karibu hektopaskali 180, hivyo kosa litajitangaza lenyewe. Kwa Malindi ni ndogo mno kugundulika kwa jicho, na kwa hiyo ni ya hatari zaidi.

Njia ya tatu ni kutumia wastani wa siku. Katika nchi za ikweta mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kwa mpangilio usiokosa: hufika kileleni karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na chini karibu saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, kwa hektopaskali moja na zaidi kila upande wa wastani. Ukitumia thamani moja kwa siku nzima, mzunguko huo utaingia katika sehemu nyevu na utaandika ripoti kuhusu mvuke unaopungua kila jioni kumbe ni mgandamizo. Data za kila saa ni sharti.

Chanzo bora ni barometa iliyosawazishwa, penye antena. Kikikosekana, vituo vya mradi wa TAHMO, vilivyosambazwa katika nchi kadhaa za Afrika zikiwemo Kenya, Uganda na Rwanda, hupima mgandamizo. Kilicho karibu kinaweza kufaa baada ya kurekebisha urefu. Kama hakuna, tumia ERA5, kumbukumbu ya hali ya hewa ya kituo cha Ulaya cha ECMWF, inayotoa thamani za kila saa katika gridi ya robo digrii. Tahadhari ni kwamba urefu wa ardhi katika gridi hiyo ni wastani wa eneo zima. Kwa Malindi, ambapo ardhi ni tambarare, haidhuru sana. Kwa Kigali yenye vilima, kutumia mgandamizo wa gridi bila kuuhamishia urefu wa antena ni sawa na kuutupa mchana mzima wa kazi. Mifumo ya wastani wa miaka mingi, kama GPT3, haijui siku ya mvua wala ya jua, na nafasi yake ni ya mwisho.

Hatua ya sita: kutoka mita za ucheleweshaji hadi milimita za maji

Tuseme ucheleweshaji mzima ulikuwa mita 2.606. Ukitoa sehemu kavu ya mita 2.306, sehemu nyevu inabaki mita 0.300. Ili kuigeuza kuwa kina cha maji ambacho kingepatikana kama mvuke wote ulio juu ya antena ungekuwa kimiminika, huzidishwa kwa namba inayotegemea joto la wastani la mvuke, Tm. Bevis na wenzake walitoa makadirio haya kutokana na joto la ardhini, Ts, kwa kelvini:

Tm = 70.2 + 0.72 × Ts

Kwa nyuzi 28 za selsiasi, Ts ni 301.15 na Tm ni 287.0. Kisha:

kigeuzi = 1,000,000 ÷ [461,500 × (3739 ÷ Tm + 0.221)]

Jibu ni 0.1636, na maji ni 0.300 × 0.1636, yaani milimita 49. Hicho ni kiwango cha kuaminika kwa pwani wakati wa masika. Kanuni ya Tm ilipatikana kwa maputo yaliyorushwa Marekani, na ikweta haifuati uhusiano huo kwa ukamilifu, hasa mchana ardhi inapokuwa na joto kali huku hewa ya juu ikiwa haijabadilika. Hata hivyo kosa la kelvini 3 katika Tm ni asilimia moja tu ya maji, nusu milimita katika mfano wetu. Mwenye data za ERA5 anaweza kuikokotoa Tm moja kwa moja kutokana na joto na unyevu wa kila ngazi. Asiye nazo asikose usingizi.

Hatua ya saba: kulinganisha na chombo kingine

Kipimo ambacho hakijalinganishwa ni makisio. Nairobi ina kituo cha kurushia maputo ya hali ya hewa, Dagoretti Corner, na vipimo vyake vipo katika hifadhi ya Chuo Kikuu cha Wyoming. Kwa sababu hiyo, ukishamaliza Malindi, rudia kazi yote kwa RCMN na ulinganishe na puto. Zingatia saa: faili za RTKLIB ziko katika wakati wa GPS, uliotangulia UTC kwa sekunde 18 ambazo hapa hazina athari, lakini saa tatu kati ya UTC na saa za Afrika Mashariki zina athari kubwa, na rekodi za mvua zilizoandikwa kwa mkono huenda zikawa zinahesabu siku kuanzia saa tatu asubuhi. Zingatia pia urefu: Dagoretti iko juu kuliko RCMN, na kila mita 100 za hewa ya chini yenye gramu 12 za mvuke kwa mita ya ujazo hubeba milimita 1.2 za maji. Baada ya marekebisho hayo, tofauti ya milimita 1 hadi 2 kati ya puto na GPS ni matokeo mazuri.

Tofauti ikiwa ya kudumu, yaani upande mmoja kila siku, shuku urefu, mgandamizo au antena. Ikiwa inapanda na kushuka kila baada ya nusu siku, shuku BLQ na wastani wa mgandamizo. Ikiwa hutokea usiku tu, rudi kwenye tabakaioni. Ikiwa haina mpangilio wowote na hutokea siku za ngurumo, huenda vyombo vyote viwili ni sahihi: puto huchukua saa moja na zaidi kupanda na husukumwa na upepo mbali na lilikorushiwa, ilhali GPS hutoa wastani wa koni ya anga juu ya antena, na wingu kubwa la masika linaweza kuwa juu ya kimoja bila kuwa juu ya kingine.

Anayetaka matokeo ya siku hiyohiyo badala ya wiki mbili baadaye atumie mizingo ya haraka sana ya IGS, inayotolewa saa 3, 9, 15 na 21 za UTC, ambayo nusu yake ya mwisho ni utabiri. Mizingo iliyotabiriwa inatosha. Saa za setilaiti zilizotabiriwa ndizo dhaifu, na kwa njia ya kipokezi kimoja huongeza sentimita kadhaa za kosa. Kwa matumizi hayo ni lazima kupokea masahihisho ya saa kwa intaneti moja kwa moja, au kuchakata mtandao wa vituo kwa pamoja ili makosa ya saa yafutane, na vituo hivyo viwe na umbali mkubwa kati yao: antena mbili zilizo karibu huziona setilaiti kwa mwinuko uleule, na hivyo hutoa tofauti ya mvuke kati yake bila kutoa kiasi chenyewe. Malindi, Mbarara na Kigali zikiunganishwa na Lusaka na Addis Ababa zinatosha kuanzia.